Sawa Isiyo Sawa

Neno la kijani lilitokea kwenye skrini kabla mtunzi wa programu hajaondoa kidole kwenye kitufe: SAWA. Akalikodolea macho. Waya mbili za mchoro wa majaribio alikuwa amezigeuza mwenyewe, makusudi, aone programu yake itakavyomgombeza. Haikumgombeza.

Kazi ya programu hiyo ilikuwa kulinganisha saketi, yaani mpangilio wa njia za umeme, kama wabunifu walivyoikusudia na saketi kama ilivyochorwa kwenye chipu, kile kipande kidogo kinachoendesha mashine, kabla mchoro haujaenda kiwandani. Ile ya zamani ilijikokota. Ikikuta sehemu zinazofanana kama mapacha, ilifuata kila waya mpaka mwisho wake. Yeye akaifundisha njia ya mkato: ikiona mapacha, iwahesabu kuwa ni kitu kimoja, isonge mbele. Ofisi nzima ikampigia makofi, ikambandika jina la Umeme.

Sasa Umeme alijaribu tena, na tena. Sawa. Sawa. Mapacha walikuwa wamebadilishana waya, na programu haikujali nani ni nani.

Ndipo akakumbuka chipu ya mashine ya kuwasaidia watoto njiti kupumua. Dada yake, mchoraji wa chumba cha pili, alikuwa ameimaliza, programu ikaipitisha, mchoro ukaenda kiwandani.

Angeweza kufunga kompyuta, akaenda zake. Nani angejua? Wazo hilo lilimtisha kuliko kosa lenyewe, kwa jinsi lilivyomjia kwa upole. Akainuka, akaenda chumba cha pili.

"Dada, ule mchoro wa mashine ya pumzi. Tuukague upya, kwa programu ya zamani."

"Si ulishapita?"

"Ulipita kwa programu yangu mpya."

Dada akamtazama usoni. Akamvutia kiti. Wakaketi bega kwa bega, mstari ukitambaa kwenye skrini, chai ikipoa. Kisha ukasimama, ukawa mwekundu. Waya ya kuamuru hewa iingie na waya ya kuamuru itoke zilikuwa zimepishana.

"Kosa hili ni la mkono wangu," dada akasema taratibu. "Na siku ile nilishangaa mbona umepita upesi hivyo. Nikanyamaza. Nikajiambia, mdogo wangu anajua kazi yake."

Umeme akapiga simu kiwandani, akaeleza. Wakamwambia asubiri. Alisubiri akiisikia pumzi yake mwenyewe ndani ya simu, mpaka sauti ikarudi: kazi haijaanza, na sasa wameizuia. Dada akafunika uso kwa viganja, mabega yakamcheza.

Lakini programu ilikuwa imeshatumwa kwa kampuni nyingine pia. Mkuu wa idara alipoelezwa, akamsogezea orodha ya namba zao. "Wapigie wewe," akasema. "Usipindishe neno."

Akaanza na ya kwanza.

"Kumbe ni nyinyi," mhandisi wa upande wa pili akasema kwa furaha. "Nilitaka kuwashukuru. Programu yenu mpya inakwenda mbio ajabu. Tumeshapitisha michoro yetu yote."

Umeme akafumba macho. Dada yake akaja nyuma ya kiti, akamwekea mkono begani.

"Kaka," Umeme akasema, "naomba unisikilize."