Breki ya Nyuma

Ézéchiel ndiye aliyemfundisha dada yake, Bénita, kuendesha pikipiki. Kila Jumapili baada ya ibada walikwenda upande wa ziwa la Lac Vert, Ézéchiel akikimbia kando yake huku akipiga kelele, "Usiogope! Moto inasikia mutu mwenye kuogopa!" Bénita alianguka, akacheka, akapanda tena.

Pikipiki hiyo, moto kama walivyoiita, waliachiwa na marehemu baba yao. Ézéchiel aliitumia kubeba abiria mtaani Ndosho, na mama yao alikuwa amekwisha kuamua: Bénita akipata permis, leseni ya kuendesha, watapokezana, mmoja asubuhi, mwingine mchana.

"Ni vizuri, mama," alijibu Ézéchiel. Bénita alimwamini.

Siku ya mtihani Ézéchiel alimpeleka mwenyewe. Kabla ya kumwachia pikipiki, alimfunga kofia chini ya kidevu kama mtoto, akamkumbusha habari ya breki. "Ya mbele inaangusha mutu kwenye mawe. Tumia frein ya nyuma."

Bénita alipita vizuri kati ya matairi yaliyopangwa, akaingia barabarani, akapisha lori, akarudi. Mkaguzi, mzee Munguakonkwa, akainua mkono asimame kwenye mstari. Bénita akakanyaga breki ya nyuma. Pedali ikazama hadi chini, tupu. Kwa hofu akabana ya mbele, gurudumu likateleza kwenye changarawe, akaanguka kwa goti na kiwiko.

Watu wakamkimbilia. Kaka yake peke yake hakusogea.

Bénita akainama kwenye gurudumu. Nati ya breki, aliyoikaza pamoja na Ézéchiel jana yake, ilikuwa imefunguliwa karibu itoke.

"Nani aliitengeneza hii moto?" aliuliza Munguakonkwa.

Bénita alimtazama kaka yake. "Sijui, papa," alimjibu mzee.

Alichechemea hadi kwa Ézéchiel. "Ni wewe?"

"Sikutaka uumie. Nilizania utapitisha mustari tu, wakuambie urudi siku ingine."

"Na permis? Haukutaka niipate?"

"Hii moto ndiyo kazi yangu, Bénita. Ukinikatia siku nusu, mimi nitabaki nani?"

"Ungeniambia. Ningengoja."

Ézéchiel akaenda kuiinua pikipiki.

Bénita alirudi nyumbani kwa miguu, damu ikishuka kwenye kiatu. Nyuma yake kaka alikuja polepole na pikipiki, akimsihi apande. Bénita hakugeuka.

Mama aliposikia, alitaka kumnyang'anya Ézéchiel ufunguo.

"Mwachie, mama," alisema Bénita. "Nikipanda ile moto, kila asubuhi nitajiuliza amegusa nini."

Usiku ule ndipo alipolia, si kwa ajili ya goti. Alikuwa akizikumbuka zile Jumapili za Lac Vert, akashindwa kujua ni ipi ilikuwa ya kweli.

Mwezi uliofuata alirudia mtihani kwa pikipiki ya rafiki yake Joviale, akafaulu. Ng'ambo ya barabara Ézéchiel alisimama akipiga makofi. Bénita alimwona. Akamwitikia kwa kichwa, kama mtu anavyomsalimia jirani, kisha akaenda kumkumbatia Joviale.