Tone la Dawa Mlangoni pa Msikiti

Tunaanza kwa jina la Mola aliyelitia jicho nuru, akalijaalia kope kuwa pazia lake. Na rehema zimshukie Mtume wake, jamaa zake na masahaba wake.

Ama baada ya hayo, wanaotajwa humu ni watu wa Segese. Wa kwanza ni Bi Chiku, mjane aliyevuka miaka sabini, muuza vitenge sokoni. Wa pili ni Abdulshakur, mdogo wake wa baba mmoja na mama mmoja, mnunuzi wa dhahabu aliyeiacha mizani akashika kipaza sauti cha mawaidha. Wa tatu ni Shadya, binti wa Bi Chiku, aliyempeleka mama yake kliniki ya macho mjini Shinyanga na kumrudisha alasiri ya Jumatatu.

Waliposhuka garini, Bi Chiku hakutaka kwenda nyumbani.

"Mama, umefunga, na safari imekuchosha. Pumzika kwanza."

"Jicho langu limekwisha kupumzika, nalo haliamki tena. Nipeleke kwa mjomba wako."

Wazee waliofunga sunna walikuwa wameketi barazani pa msikiti wakingoja magharibi, Abdulshakur katikati yao na tasbihi mkononi. Bi Chiku akawatolea wote salamu. Mdogo wake akasema, "Shikamoo, dada." Bi Chiku akaiacha shikamoo ile ining'inie bila marahaba.

"Daktari aliniambia nina presha ya macho," akaanza kwa ghadhabu. "Akanipa dawa nitie kila siku hadi kufa kwangu. Nikatia. Ramadhani ikaingia, wewe ukapanda hapo ukasema tone la jicho linabatilisha saumu. Nikaacha, na hata baada ya Idi sikuirudia. Leo jicho la kulia ni giza tupu, na kilichopotea hakirudi. Hata kwa kisu hakirudi!"

"Dada, uchungu wa dawa hufika kooni. Mimi nilichukua tahadhari ya dini."

"Dini gani? Marehemu baba alitusomesha katika mkeka mmoja mimi na wewe. Alitufundisha kwamba jicho si njia ya tumbo, na wanja haumfunguzi mtu. Wewe siku hiyo ulikuwa umelala? Na kama ulikuwa na shaka, si ungesema tutie baada ya futari, na tena wakati wa daku? Ulituambia tuache!"

Mzee Sabiti, mmoja wa wazee wale na jirani ya Bi Chiku, akakohoa. "Na mimi niliacha, Bi Chiku. Sijairudia mpaka leo. Nilidhani ukungu huu ni uzee tu."

"Umesikia?" Bi Chiku akamgeukia mdogo wake. "Wangapi wengine? Simama ukaitengue kauli yako kwa kipaza sauti kile kile, kabla ya adhana."

"Yaya," Abdulshakur akakataa kwa Kisukuma, kama afanyavyo akikasirika. "Nikisema leo nilikosea, kesho nani atanisikiliza?"

"Kesho nani atakuona, ndilo swali."

Hapo Bi Chiku akatoa chupa ndogo pindoni mwa kanga. Akainua uso, akavuta kope la chini la jicho la kushoto, akadondosha tone moja, akafumba na kubana kwa kidole pembe ya jicho karibu na pua, kama alivyofundishwa, dawa isiteremke kooni.

"Nimefunga, na saumu yangu i palepale," akasema. Kisha akasogea ubavuni pa mdogo wake na kumnyoshea chupa kando ya shavu. "Shika."

Abdulshakur alitazama mbele.

"Shika!"

"Nishike nini?"

Kwa muda mrefu wazee wale walimsema kwamba ana kiburi, kwa kuwa mtu akimnyoshea mkono kutoka pembeni hapokei. Sasa wakatazamana. Shadya akasema taratibu, "Mjomba, chupa iko karibu na sikio lako. Ugonjwa huu huanza kula uoni wa pembeni, wala hauumi. Daktari amesema ndugu wa damu wote wapimwe."

Abdulshakur akageuza kichwa, akaiona, na tasbihi ikamponyoka. "Dada..."

"Usiniite dada kwa sauti hiyo! Hasira yangu bado nzima. Kesho nitapanda nayo gari hadi kliniki, nikae nawe na Mzee Sabiti mpaka mpimwe. Sasa inuka."

Akainuka, akipapasa nguzo ya mlango. Punde kipaza sauti kikasikika hadi sokoni: "Enyi waumini, nilisema nisilolijua. Dawa ya jicho haifunguzi. Aliyeiacha arudi hospitali leo, asingoje."

Bi Chiku akasikiliza mpaka mwisho, jicho lake moja likichuruzika, lakini hakutabasamu.

Ewe Mola, uliyechukua ulichochukua kwa haki, wahifadhie waliobaki nuru iliyobaki. Wape wazee wetu watoto wa kuwapeleka kupimwa, na utulinde na ndimi zinazohukumu pasi na elimu. Amin.