Maji ya Uvuguvugu kwa Mama Mkwe

Jioni ile mama mkwe alipotangaza kwamba yuko tayari kubatizwa, Baba Wakili alikuwa amejaza wali mdomoni, na nusura aumwage wote mezani. Jambo hilo alikuwa ameliombea kwa miaka. Miaka ya mwanzo aliliombea kwa moyo. Miaka ya baadaye, kusema kweli, aliliombea kwa mazoea tu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua haina watu.

Si kwamba mama mkwe hakuwa mtu wa kanisa. Kila Jumapili alikaa benchi la mbele, akaimba kwa sauti iliyoifanya kwaya ijione imealikwa tu. Lakini kanisa lao lilibatiza kwa kumzamisha mtu mzima mzima, kuanzia unyayo hadi utosi, na yeye na maji mengi hawakuwa wakielewana. Hata kuoga alioga kwa kopo, ndoo ikiwa imesogezwa pembeni.

“Nina sharti moja,” akasema, akiacha kutafuna. “Yawe ya uvuguvugu. Haya magoti yangu yakiguswa na maji ya baridi, nitaokoka roho, miguu niiache humo humo.”

Mkewe akageuka akamtazama Baba Wakili. Binti yao naye akageuka. Baba Wakili alikuwa fundi bomba.

“Si wewe ni fundi, fundi?” akauliza mama mkwe.

Hivyo ndivyo alivyomwita, fundi, tangu siku ile alipokwenda kwao kujitambulisha kama mchumba na akaishia chini ya sinki la jikoni, akiziba bomba huku wazee wakiihoji miguu yake iliyobaki nje. Ndoa ikafungwa, mtoto akazaliwa, mama mkwe akahamia kwao, naye akabaki fundi. “Fundi, nipe chumvi.” “Fundi, umekonda.” Hakulalamika. Mkwe ni mkwe. Lakini mara nyingine, akiwa peke yake ndani ya shimo la mtu na spana mkononi, alijiuliza huyu mama angehitaji kuona nini zaidi ndipo amwite jina la nyumbani.

Binti alikuwa na miaka minane na aliitwa Wakili. Neno lake la kwanza maishani lilikuwa “kwa nini” na la pili “lakini”, jina likamganda, na wazazi nao wakawa Baba Wakili na Mama Wakili. Walikuwepo wateja walioamini kabisa kwamba fundi yule amesomesha mwanasheria, na walimlipa kwa adabu sana.

Jumamosi baba na binti wakaenda kanisani kufunga hita. Birika la ubatizo lilijengwa nyuma ya mimbari, vigae vya buluu, ngazi za kushukia upande mmoja, na ubavuni pake kabisa vilipangwa viti vya wanakwaya wa sauti ya besi. Baba Wakili alisimamisha tangi la hita nje ya ukuta, akapitisha bomba hadi birikani, na koki ya maji ya moto akaiweka karibu na mlango wa pembeni.

“Baba, Mungu hawezi kuyapasha moto mwenyewe?” Wakili akauliza, amekumbatia tepu ya kuzungushia nyuzi za bomba.

“Anaweza.”

“Sasa mbona anakutumia wewe?”

“Kwa sababu nina spana.”

Wakili akatafakari. “Kwa hiyo yeye hana?”

Hapo spana ikateleza, ikambana fundi kidole gumba, na fundi akatamka neno ambalo kuta zile hazikuwa zimewahi kulisikia.

“Hicho ulichokitaja ni nini, baba?”

“Ni jina la kifaa,” akasema, kidole kikiwa mdomoni.

Usiku wa kuamkia Jumapili, pale mezani, Wakili akamuuliza bibi yake kama amewahi kukiona kifaa hicho, akakitaja kwa herufi zote. Mama Wakili akainamia sahani. Bibi hakutikisika. “Nimeishi na wanaume miaka mingi,” akasema. “Nimekiona.”

Jumapili Baba Wakili alivaa suti yake ya harusi, ambayo bado ilifunga vifungo mradi asipumue sana. Alifika mapema, akajaza birika, akachanganya ya moto na ya baridi, akapima kwa kiwiko kama alivyopima maji ya kumwogeshea Wakili alipokuwa mchanga. Yalikuwa maji ya kumfanya mtu asinzie. Tatizo lilikuwa mahubiri. Mchungaji wao alikuwa mtu mwema, lakini akisema “kwa kumalizia” watu walijua bado kuna safari. Baba Wakili akawaza maji yanavyopoa, akanyata hadi kwenye koki, akaifungua kidogo tu, kiasi cha kuyatia joto, akipanga kuifunga ubatizo utakapoanza. Akarudi benchini, akainama. “Bwana,” akaomba moyoni, “mimi unanijua, na yeye unamjua. Tusiaibike.”

Mahubiri yakaisha. Mchungaji akashuka birikani katika joho lake, maji yakamfika kiunoni, na uso wake ukachanua kwa namna ambayo haikuwa ya kiroho peke yake. Kwaya ikaimba taratibu. Mama mkwe akatokea kwenye mlango wa pembeni ndani ya kanzu nyeupe, mama wa umbo la heshima, akaja hadi ngazi ya juu. Akasimama.

“Karibu, mama,” akasema mchungaji.

“Nimekaribia,” akasema mama mkwe, asisogee.

Kwaya ikarudia ubeti. Ikarudia tena. Mama mkwe aliyaangalia maji yale kama mtu anayemwangalia mbwa wa jirani ambaye ameambiwa kuwa haumi.

“Aingie kwanza fundi,” akasema hatimaye. “Mpishi huonja.”

Baba Wakili akacheka, akidhani ni utani. Alipogundua anacheka peke yake, akasogea mbele na kunong'ona, “Mama, nimeyapima. Nimeyapima kwa kiwiko.”

“Mimi sibatizwi kiwiko.”

Akamgeukia mkewe kutafuta msaada. “Ingia tu, mume wangu,” Mama Wakili akamwambia kwa sauti ya chini. “Akigeuka leo, hatumpati tena.”

“Na suti?”

“Suti itakauka.”

Akavua viatu. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu, na kidole gumba kilikuwa kimetoka nje chote, kinashiriki ibada. Akashuka haraka ili kukificha. Koti likajaa hewa, likapanda na kumzunguka mabegani kama mwavuli, ikabidi alikandamize kwa mikono miwili huku akijitahidi kuonekana mtu wa maombi.

“Yakoje?” akauliza mama mkwe.

“Mazuri, mama.”

“Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga,” mchungaji akamtia moyo.

“Mimi sijazivua, mchungaji,” akasema Baba Wakili.

Ndipo mama mkwe alipoteremka. Alishika mkono wa mkwewe, na alivyoushika, mifupa ilisogeleana. Na hapo Baba Wakili akagundua kitu ambacho hakuwahi kukidhania: mama yule alikuwa anatetemeka. Mwanamke aliyekuwa akiwanyamazisha wenye nyumba na wakaguzi wa umeme kwa jicho moja, alikuwa anatetemeka kama jani, na wala haikuwa baridi. Magoti yalimuuma kweli, lakini hayakuwa ndiyo sababu. Alikuwa anaogopa maji, na miaka yote ile aliona afadhali aitwe mkaidi kuliko mwoga.

“Usiniachie, mwanangu,” akanong'ona.

Baba Wakili aliitikia kwa kichwa, akaukaza mkono wake.

Mchungaji akatamka maneno ya ubatizo, akaweka mkono mmoja mgongoni mwa mama, akamlaza nyuma. Lakini mama alikuwa ameahidiwa hataachiwa, na yeye pia hakumwachia mtu. Mkono mmoja ulimshika mkwe na mwingine ukadaka joho la mchungaji, na uzito wake haukuwa wa kubishana nao. Wakazama wote watatu. Kwa muda birikani hapakuonekana mtu, ila wimbi. Kisha wakaibuka mmoja mmoja, mchungaji wa mwisho, na kanisa zima likapiga makofi na vigelegele.

Kwa kawaida, hapo aliyebatizwa hupanda ngazi, hufunikwa taulo, na watu hulia kidogo. Mama mkwe alijipangusa uso, akatazama maji kulia na kushoto. Akapinda goti. Akalinyoosha. Akalipinda tena. Halafu akakaa, polepole, kwenye ngazi ya ndani, maji yakimfika kifuani, akafumba macho.

“Mama, tutoke sasa,” akasema Baba Wakili.

“Yanafika kwenye goti kabisa,” akasema. “Mchungaji, endelea na matangazo. Nasikia vizuri tu.”

Mchungaji alikuwa na miaka mingi katika huduma, lakini jambo hilo hakuwa amefundishwa. Akapanda akichuruzika, akafika mimbarini, akaanza kutangaza kikao cha kina mama. Baba Wakili naye angepanda, ila mkono wake bado ulikuwa umeshikwa.

Ndipo alipoikumbuka koki.

Akatazama ukingo. Maji ambayo asubuhi yaliishia chini ya mstari wa vigae vyeupe sasa yalikuwa yameupita, na mwili wa heshima uliokaa ngazini uliyasukuma juu zaidi. Utepe mwembamba ulikuwa umeanza kumwagika kuelekea kwenye viti vya besi. Akamtafuta mkewe kwa macho, akainua mkono uliokuwa huru, akauzungusha hewani: funga, funga.

Mama Wakili akamwona mumewe aliyelowa, macho yamemtoka, mkono juu, unazunguka. Machozi yakamlenga. Akainua mkono wake, naye akauzungusha.

Aliyekaa nyuma yake akaona familia imeguswa, akainua wake. Benchi la pili likafuata. Baba Wakili akazidi kuzungusha kwa nguvu, akitikisa kichwa kuwaambia hapana, na watu wakazidi kuzungusha na kutikisa vichwa, mpaka kanisa zima likawa mikono inayozunguka, na kina mama wa nyuma wakaanzisha pambio. Mchungaji akaacha matangazo. Akawatazama waumini wake, na yeye pia, kwa unyenyekevu, akainua mkono.

Maji yakawafikia wanakwaya wa besi. Watu wale walikuwa na nidhamu. Waliinua mguu mmoja na kuendelea kuimba, kisha wakabadilisha mguu, na walioketi mbali walidhani ni mtindo mpya.

Wakili peke yake hakuinua mkono. Alimtazama baba yake kwa makini, kama anayemsikiliza shahidi asiye na uhakika. Huo mkono aliujua. Aliuona kila Jumamosi alipomsindikiza kazini. Akateremka benchini, akapita katikati ya pambio bila haraka, akaenda kwenye mlango wa pembeni na kuifunga koki. Kisha akaja ukingoni.

“Nani ameyapunguza?” bibi akauliza, macho bado kayafumba.

“Mimi, bibi. Yanamwagika.”

“Basi yaache hivyo hivyo. Mimi nipo.”

Wakili akafikiri. “Bibi, kama utakaa humo mpaka Jumapili ijayo, naomba nafasi yako ya mbele.”

Macho yakafumbuka. Benchi lile la mbele mama mkwe alikuwa amelilinda dhidi ya watu wazima wenye vyeo. Akasimama, maji yakashuka kwa kishindo, na akapanda ngazi kwa magoti mepesi kama ya msichana, akimvuta mkwewe nyuma yake kama mtumbwi.

Nyumbani, suti ikaanikwa kwenye kamba, mikono yake imesinyaa hadi ya kuishia karibu na viwiko. Wakaketi kula. Wakili alitaka kujua kama baba, kwa kuwa alizamishwa wakati maneno yakitamkwa, sasa amebatizwa mara mbili, na kama ni hivyo, ule wa kwanza umefutwa au umejumlishwa. Baba Wakili akasema tuombe kwanza. Akainama. “Bwana, tunakushukuru kwa maji,” akaanza, akitaka kusema chakula, na picha ya mchungaji akizungusha mkono ikamjia. Akajaribu kuendelea, sauti ikakatika. Mkewe akaanza kutetemeka mabega. Baba Wakili akafunika uso kwa leso na kucheka mpaka kiti kikalia, na maombi yakabaki yananing'inia hapo.

“Amina,” akasema mama mkwe kwa niaba yake, akavuta bakuli la mboga.

Katikati ya wiki mchungaji akaja mlangoni, ana uso wa mtu aliyetumwa. Alisifu kazi ya hita. Akauliza habari za mama. Akakubali chai, akainywa yote. Kisha akasogeza kiti karibu.

“Tangu Jumapili nimepokea akina bibi wengi,” akasema. “Wote walibatizwa zamani. Baadhi niliwabatiza mimi. Sasa kila mmoja ananiambia hana uhakika kama ule wake ulishika.”

“Hayo ni makubwa,” akasema Baba Wakili.

“Mmoja ameuliza kama anaweza kuja na mto wa kuegemea.” Mchungaji akakohoa. “Sisemi tuiondoe hita, ndugu yangu. Ni baraka. Ila naomba uipunguze kidogo tu. Kiasi cha mtu kuingia kwa furaha na kutaka kutoka.”

Baba Wakili akaenda kuchukua spana. Alipopita sebuleni, mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake, miguu juu ya kigoda, akiyasikia yote.

“Ukipunguza sana,” akamwambia bila kugeuka, “nitajua.”