Cheti cha Bawabu wa Mawinguni

Kwenye kiwanda kile cha magodoro hakuna aliyewahi kuanza kazi bila kukalishwa. Awe dereva, mshonaji au mfagizi, siku ya kwanza aliketishwa kwenye chumba cha mikutano, akawekewa chai, na ukoo mzima ukamzunguka kumhoji. Ndivyo Mzee Godoro, mwenye kiwanda, alivyotaka, na Mzee Godoro akitaka jambo hata kuta zinaitikia.

Basi siku Kebo aliposema kwamba simu za kiwanda zinahamia mawinguni, kama mafundi wanavyoziita kompyuta za mbali za mtandaoni, na kwamba huko atakaa mlinzi wa mpakani, alijitia kitanzi mwenyewe.

Kebo alikuwa fundi wa mitandao. Jina hilo la utani lilimganda kwa sababu hakuonekana popote bila waya shingoni, kama mwenzako anavyovaa tai. Alikuwa pia mchumba wa binti wa mwisho wa Mzee, mhasibu wa kiwanda, ambaye nyumba nzima ilimwita Kitindamimba. Mchumba, ndiyo, lakini wa kujitangaza. Mzee hakuwa amesema ndiyo wala hapana. Alikuwa amesema hivi:

"Simu ya kwanza kupita kwenye huo mtambo wako iwe ya mama yako. Ikilia mezani kwangu Ijumaa kabla sijaenda kula, nitampangia siku ya kuja kuposa. Isipolia, mwanangu, mtu aliyeshindwa kunifikishia simu atamfikishiaje binti yangu mkate?"

Kebo akaapa kwamba italia.

Kikao kikaitwa. Kiti cha huyo mlinzi kikawekwa kichwani pa meza, kitupu, na mbele yake kikombe cha chai kinachofuka moshi. Kebo akasimama pembeni ya kiti kama wakili.

"Lile sanduku la simu lililoko stoo limechoka," alianza. "Tunaingia kwenye huduma mpya ya simu za maofisini. Simu italia mezani, italia kwenye kompyuta, italia hata ukiwa safarini. Ila ile huduma haipokei simu za barabarani hivihivi. Lazima katikati akae mlinzi. Simu ikija anaiuliza: wewe nani, unatoka wapi, unakwenda kwa nani? Akiridhika, anaishika mkono anaivusha."

"Analala wapi?" aliuliza Shangazi, dada yake Mzee. Yeye ndiye aliyekaa mapokezi, na mjini hakuna ndoa iliyovunjika asijue ilianzia kwenye sahani gani.

"Halali, Shangazi. Yuko mawinguni."

"Na masika?"

"Ni programu, Shangazi. Hailowi."

"Anakula?" aliuliza Baba Mdogo, mkuu wa manunuzi.

"Hali."

Baba Mdogo akamgeukia kaka yake uso umemng'aa. "Mchukue. Mchukue kabla hajapata kwingine."

"Tulia wewe," Mzee alisema. Akakikazia macho kile kiti. "Ana cheti?"

Hapo Kebo akafurahi, maana mtambo ule kweli ulikuwa nacho. "Anacho, Mzee! Bila cheti haendi popote. Ile huduma ya simu inambishia hodi kila mara: upo? Naye anaitika: nipo. Lakini jina lililoandikwa kule kwenye huduma lazima liwe lilelile la kwenye cheti. Likipishana hata herufi, anafungiwa mlango."

"Safi sana," alisema Mzee. "Mtu wa kanuni. Anaitwa nani?"

"Kwenye cheti nimemsajili kwa jina la Lango."

Nyuso zikakunjamana. Shangazi akaguna kwa pua. Kabla hajafungua kinywa, honi ya lori ikalia nje mfululizo, na mshonaji mmoja akachungulia mlangoni: "Kebo, njoo getini. Kamanda amefunga geti, lori limekwama nje, anakutaka wewe."

Kamanda alikuwa mlinzi wa getini, mtu mzima mwenye kofia ya bluu na rungu alilolipaka mafuta kila asubuhi. Kebo alimkuta ameegemea geti, mikono kifuani.

"Nasikia mmeleta mwenzangu."

"Yule ni wa simu tu, Kamanda."

"Ana rungu?"

"Hana."

"Kofia?"

"Hana hata kichwa."

"Sasa anazuia kwa kitu gani? Kwa kununa?"

Kebo akamweleza yote upya: hodi, upo, nipo. Kamanda akasikiliza, akakuna kidevu.

"Kumbe kazi yote ni kusema nipo! Miaka yote hii nimekaa hapa kimya kama mjinga." Akafungua geti, lori likapita. "Ila sikiliza, kijana. Kama huyo wa juu ndiye mkubwa, basi kuanzia siku atakayoanza kazi hapiti mgeni hapa mpaka yeye aseme. Lawama abebe yeye." Akageukia madirisha ya ofisi, akavuta pumzi. "Nipo!"

Kebo aliporudi kikaoni watu walikuwa wamekwisha simama. Shangazi akampiga bega. "Mtu wako tumempokea. Ila tumemwita Bawabu. Lango ni mbao na bawaba, mtoto wa watu haitwi hivyo."

Kebo akacheka. Nani pale alikuwa na jina lake? Mzee ni Godoro, yeye ni Kebo, mpishi wa kantini wanamwita Waziri. "Bawabu, sawasawa," alisema, akaenda zake kuvuta waya.

Ijumaa asubuhi sanduku la stoo lilizimwa. Simu mpya nyeusi zilikaa mezani zinang'aa, na zote zilikuwa bubu. Kwenye kompyuta ya Kebo palikuwa na kidoa kimoja ambacho kilipaswa kuwa kijani. Kilikuwa chekundu. Huduma ilibisha hodi, mtambo uliitika, huduma ikafunga mlango. Ikabisha tena, ikafunga tena.

"Nipo!" alipaza Kamanda nje.

"Wewe tunajua upo!" alijibu Baba Mdogo dirishani. Alikuwa akijibu hivyo tangu asubuhi, sauti imeanza kumkauka.

Simu ya mkononi ya Kebo ikatetemeka. Mama yake.

"Mwanangu, kuna mwanamke kila nikipiga ananiambia namba haipatikani. Ndiye shangazi yao?"

"Hapana mama, hiyo ni mashine."

"Mashine yenye dharau namna ile? Nimemsalimia vizuri, akanikatia."

"Mama, vumilia kidogo. Narekebisha."

"Mzee wa watu anakwenda kula saa ngapi?"

"Muda si mrefu."

"Basi mimi sikai hapa nibishane na mashine," alisema mama, akakata.

Kebo akapekua kila kitu. Alikagua milango ya mtandao, akakagua laini, akazima mtambo na kuuwasha upya. Jasho lilimteremka mpaka kwenye waya wa shingoni. Mwishowe akamwita Kitindamimba, maana funguo za kuingilia ile huduma ya simu alishika yeye mhasibu, akamwomba amfungulie amsomee jina la mtambo lililoandikwa mle.

"Bawabu," alisoma Kitindamimba.

Kebo akaikodolea macho skrini. "Nani ameandika Bawabu?"

"Mimi. Baba aliniambia andika palepale kikaoni, wote wakishuhudia. Si ulirudi ukasema sawasawa?"

"Nilidhani ni la utani! Cheti kinasema Lango!"

Kidoa bado kilikuwa chekundu.

"Futa," alinong'ona Kebo. "Andika Lango, hakuna atakayejua."

"Nifute jina alilotoa baba? Shangazi akiwa chumba cha pili? Bora nifute la kwangu."

Basi ikabaki njia moja: cheti kipya chenye jina la Bawabu. Lilikuwa jambo la dakika chache. Kebo akakiomba, na wanaotoa vyeti wakafanya kama wafanyavyo siku zote, wakatuma ujumbe kwa mwenye kampuni: je, unaridhia cheti hiki kitolewe kwa jina la Bawabu? Bonyeza hapa.

Ujumbe ukafika kwenye kompyuta ya Mzee Godoro. Mzee hakuwa mtu wa kubonyeza kitu peke yake. Akaita kikao.

Kiti kikarudishwa kichwani pa meza. Kikombe kilikuwa kilekile cha siku ile, chai imeganda ngozi juu.

"Amebadilisha jina kwenye cheti," alisema Mzee taratibu. "Kebo, umetuletea tapeli?"

"Mzee, si kosa lake. Jina tumempa sisi."

"Alipokuja alijiita Lango. Sasa anataka karatasi ya Bawabu. Kesho akiiba magodoro tutamtafuta kwa jina gani?"

"Na chai hakugusa," aliongeza Shangazi. "Mimi nilimshuku tangu hapo."

"Mzee, saa inakwenda," Kebo alisihi. "Mama anasubiri apige. Bonyeza tu, naomba."

"Anayenihimiza nibonyeze ndiye ninayemwogopa." Mzee akatazama saa ya ukutani, akafunga vifungo vya koti. Njaa ilikuwa imeanza kumwita. "Huyo mlinzi hafai, na aliyemleta nitamtafakari."

Hapo Kitindamimba akasimama.

"Shangazi, cheti chako cha kuzaliwa kina jina gani?"

Shangazi akashtuka. "Langu linaingiaje? Karani aliandika la bibi, mama akaona aibu kumrudisha. Limekaa hivyohivyo."

"Baba Mdogo?"

"Mimi cha shule nilisomea jina la binamu," alisema Baba Mdogo, akitazama dari. "Yeye alifaulu, hakutaka kwenda. Lakini hayo ya zamani, tuliyamaliza."

"Mimi kiwanda kizima kinaniita Kitindamimba, mpaka benki wameanza. Sasa, baba." Akageuka. "Cheti chako kinasemaje? Godoro?"

Kiwandani hakuna aliyewahi kumsikia Mzee akiitwa kwa jina jingine. Ila Shangazi, aliyelijua lile la kwenye cheti, akaziba mdomo kwa kiganja na mabega yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"We dada," alisema Mzee kwa sauti ya chini, "ole wako."

"Sijasema neno, kaka. Ila kama ni tapeli, tapeli wa kwanza..."

"Nionyesheni pa kubonyeza."

Akabonyeza kwa kidole kimoja, kwa nguvu, kama anayeua mdudu. Kebo akakimbia na kompyuta mikononi, akakipachika cheti kipya, akakaa chini sakafuni ofisini kwa Mzee, macho kwenye kidoa. Huduma ikabisha hodi.

"Nipo!" alipaza Kamanda nje.

Kidoa kikageuka kijani.

Mzee alikuwa amekwisha vaa kofia, mkono uko kwenye kitasa cha mlango wa nje, simu ya mezani kwake ilipolia. Ililia kwa mlio mwembamba, wa kigeni, na ukoo mzima ukasukumana kumfuata ofisini mwake. Akainua simu.

"Haloo?"

"Haloo," ilisema sauti ya mwanamke, na wote wakaisikia, maana Kebo alinyoosha mkono kutoka sakafuni akabonyeza kipaza sauti. "Niko hapa getini kwako. Kuna mwanamume mwenye rungu ananiambia siwezi kuingia mpaka mtu wa mawinguni aseme. Nimemwambia huko sina ninayemjua."

Wakakimbilia dirishani. Mama yake Kebo alisimama nje ya geti, kitenge kipya, simu sikioni. Kamanda alisimama ndani, rungu begani.

Mzee akajikohoza. Akavua kofia.

"Wewe nani, mama? Unatoka wapi? Unakwenda kwa nani?"

"Mimi mama yake Kebo. Natoka nyumbani kwangu. Nakupigia wewe, unipangie siku nije kwako kuposa."

"Lakini si umeshakuja?"

"Sijaja," alijibu mama kwa heshima zote, huku akiwapungia mkono. "Mtu haji kuposa bila kupangiwa siku. Mimi hapa nimepiga simu tu."

Mzee Godoro akamtazama kupitia kioo. Kisha akatabasamu mpaka meno ya nyuma.

"Jumapili, mama. Njoo na watu wako wote."

"Yule wa juu amesema!" alipiga kelele Kamanda, aliyekuwa ametega sikio kwenye simu ile, akalisukuma geti mpaka mwisho. "Pita, mama!"

"Siingii," alisema mama yake Kebo. "Nimeshakwambia sijaja." Akakata simu, akageuka na kuondoka kwa mwendo wa mtu aliyefanikiwa.

Nyuma ya watu wote, Kitindamimba akauvuta waya wa shingoni mwa Kebo, taratibu, mpaka akainuka sakafuni. Shangazi alikwisha rudi chumba cha mikutano. Alimwaga ile chai iliyoganda, akamimina nyingine ya moto, akaisogeza mbele ya kiti.

"Na huyu Bawabu wetu," aliuliza, "ana mke?"