Kiota Kisicho na Kuta

Jumapili, tarehe 13 Julai 2025, mji uliamkia manyunyu. Mvua ilikatika kabla gari la wanafunzi halijafika Fumba, na maji yalipokupwa jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Nasima alikuwa amepiga magoti kando ya mikoko, kamera ya kuazima shingoni, akimvizia kitwitwi, ndege mdogo wa pwani, aliyetulia mchangani kama kokoto.

Miaka yake hamsini na miwili ilimfanya mkubwa wa darasa zima la jioni la upigaji picha, mkubwa hata kwa mwalimu wao, Haroub. Wenzake walikwisha pata picha zao wakarudi kivulini. Mtihani ulitaka ndege anayeruka, na huyu wake hakutaka kuruka. Alisoma Bismillahi, akaokota kombe tupu la chaza, akamrushia.

Ndege alipaa. Kamera ikamdaka mbawa wazi, mwanga ukipenya kila unyoya.

Alinong'ona Alhamdulillahi. Aliposhusha kamera, aliona pale alipokuwa ndege kishimo kidogo cha mchanga, na ndani yake mayai mawili.

Haroub aliwafundisha kuwa kitwitwi akiondoka kwa hiari yake huyafukia mayai kwanza. Huyu hakupewa nafasi. Na juu ya mkoko kunguru watatu, wale wenye shingo za kijivu, walikuwa wamekwisha kuona.

Nasima akasimama kuyalinda, na kule kusimama kukawa mtego. Akibaki, mama hatarudi, na jua litayapika mayai. Akiondoka, kunguru watashuka. Alijaribu kurudi nyuma hatua chache, mmoja akatua mchangani. Alipomsogelea, kunguru akapanda tena mtini bila haraka, kama mgeni aliyeambiwa chakula ki karibu kuiva.

Haroub alikuja kumwita, maana dereva alikuwa akilalamika. Alitazama picha, akasema ndiyo bora ya darasa, na kuhusu mayai akasema ndege hutaga tena. Sifa zile zilimwingia Nasima kama mchanga machoni.

Nyuma yake alitokea mama mzee mmoja wa kijijini, Bi Mwanapili, akitoka kuokota chaza, ndoo kichwani. Nasima alimwamkia shikamoo. Mama yule aliitika marahaba, akajitaja jina, akayatazama mayai, akamtazama na yeye.

"Mwanangu, umemfukuza mwenye nyumba, sasa umekaa barazani kwake unangoja akukaribishe?"

Nasima alifumba macho. Hakuomba muujiza, aliomba akili tu. Ikamjia picha ya dirisha la jiko lake mjini, na kunguru walivyomwibia samaki kila akigeuka. Akafungua mkoba, akatoa chakula chake cha mchana, vibua wa kukaanga, akamsihi Haroub akawamwage mbali, kule ufuko unapopinda. Kijana alinung'unika kwamba hakusomea kulisha kunguru, lakini alikwenda.

Kunguru wawili walimfuata. Wa tatu alibaki.

Wanawake wale wawili walirudi kinyumenyume hadi vichakani, wakachuchumaa. Kitwitwi akatokea. Alikimbia, akasimama, akakimbia tena. Kunguru aliinama kwenye tawi. Nasima alihesabu tasbihi kwa vidole. Ndege alifika kishimoni, akajikunyata, mayai yakafunikwa. Kunguru alikaa kitambo, kisha akaruka kuwafuata wenzake.

Haroub aliporudi, walikwisha kutoka vichakani. Alikumbusha kwamba chini ya picha lazima paandikwe mahali ilipopigwa, la sivyo haitasahihishwa, na kwamba wanafunzi wa darasa lijalo wakipasoma nao watataka kuletwa pale pale.

"Sitapataja," Nasima alisema, "inshallah."

Bi Mwanapili alitua ndoo. "Inshallah ipi, mwanangu? Maana ile ya mjini tunaijua. Mtu akiisema, ujue haji."

Haroub alicheka. Nasima hakucheka. Aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine.

"Mwalimu, sikia. Bi Mwanapili, sikia. Na Mwenyezi Mungu anasikia. Mahali hapa sitapaandika wala sitapataja, hata cheti kinipite. Inshallah. Na nnaisema kwa kuomba msaada wake, si kwa kujiwekea mlango wa kutokea."