Maua ya Chungwa ya Bibi Terka

Gellért Pintye alikuwa mkaguzi wa mimea katika ofisi ya kilimo ya mji mdogo kando ya mto Tisza, mtu mpole ambaye kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kugombana na yeyote isipokuwa viwavi. Jumatatu moja ya mwezi Mei ikaja amri kutoka mji mkuu: petunia zote za rangi ya chungwa, yale maua ya kupamba roshani, ziteketezwe. Maabara iligundua kuwa zimepandikizwa jeni ya mahindi, na hakuna aliyewahi kuziombea kibali.

Wa kwanza kwenye orodha alikuwa Bibi Terka Bodor, mjane wa miaka themanini na mmoja, ambaye roshani yake ilikuwa imejaa maua hayo hadi ukuta hauonekani. Gellért alisimama mlangoni na glavu zake na mifuko ya plastiki, akaieleza sheria taratibu. Bibi akamsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama kweli ndani ya maua yale mna mahindi.

"Kidogo tu, bibi. Jeni moja."

"Sasa mbona kuku wangu hawayataki?"

Bibi akataka kujua, je, nyuki waliokwisha kuyanyonya nao watatiwa mifukoni? Gellért akapiga simu ofisini. Wakamwambia swali ni zuri, aliandike kwa nakala tatu. Alipokuwa akiandika, bibi alimkaribisha mikate midogo ya jibini iliyo moto na pombe ya matunda ya plamu, kidogo, halafu kidogo tena, hata Gellért alipoanza kung'oa akajikuta anayaomba maua radhi, moja baada ya jingine.

Ikabaki fomu. Kifungu cha saba kiliuliza maua yalitoka wapi.

"Kwenu, mwanangu," Bibi Terka akasema. "Mwaka juzi nilikuja kuomba kibali cha kisima, mkaniweka kwenye benchi asubuhi nzima. Nikajivunjia kitawi pale dirishani."

Gellért alirudi ofisini kwa miguu, akainua macho. Madirisha yote kumi na manne yalikuwa ya rangi ya chungwa. Kwenye dirisha la katikati mkurugenzi, Bwana Rédei, alikuwa akimwagilia maua huku akipiga mluzi.

Bwana Rédei alipoelezwa akaomba glavu. Alikuwa mtu wa kufuata taratibu. Fomu aliitia saini mara mbili, kama mwenye maua na kama mwenye mamlaka, kisha akajiandikia onyo kali. Jumatano akakata rufaa. Alhamisi akaisoma rufaa ile kwa makini, akaona hoja zake ni dhaifu, akaitupilia mbali.

Gellért ndiye aliyezipiga chapa barua zote tatu: onyo, rufaa na jibu la rufaa. Anasema ile ya rufaa ilikuwa na uchungu mwingi, na kwamba mkurugenzi alikaa wiki mbili bila kujitazama kwenye kioo cha ukumbini.