Shamba la Mama Mkwe

Teresia alikuwa mjane mwenye shamba safi na jina chafu, na aliyemchafulia jina ni heshima.

Kila msimu kamati ya kijiji ya kudhibiti bangi ilikagua mashamba yote isipokuwa lake. Mwenyekiti, Ryoba, alikuwa amemwoa binti yake, na kwa Wakurya mwanamume hamkaribii mama mkwe. Akimwona njiani, anaacha njia. Wajumbe wengine walikuwa rika lake, wametahiriwa pamoja, na mkwe wa mmoja ni mkwe wa wote. Basi wakifika kwenye ua wa Teresia, wanaume wazima wanageuka.

Penye wengi pana mengi. Ikasemwa kwamba Teresia amepanda bangi katikati ya mahindi na mkwewe anamfunika. Shule, iliyopokea mahindi ya uji kutoka mashamba yaliyokaguliwa tu, ikamrudishia gunia lake. Hilo lilimuuma kuliko umbeya wote, maana uji ule walikunywa wajukuu zake.

Kwenye mkutano wa kijiji akasimama mbele ya Honoratha, mtendaji mgeni kutoka Bukoba.

"Mwanangu, mimi nataka kukaguliwa."

Honoratha akamgeukia Ryoba.

"Mtendaji, pale siingii," Ryoba akasema akiangalia viatu vyake. "Hata ukinifunga."

Watu wakacheka, na Honoratha naye akacheka. Kisha akauliza kwa nini kamati nzima ni rika moja. Hakuna aliyewahi kujiuliza. Siku hiyohiyo kamati ikavunjwa, ikachaguliwa mpya ya wanawake na wanaume wa marika tofauti, na ikakatazwa mtu kukagua shamba la ndugu au mkwe. Wa kwanza kuunga mkono alikuwa Ryoba, uso umemnawiri.

Kesho yake Winfrida, muuza maziwa aliyechaguliwa mwenyekiti, akaingia shambani na wenzake. Wakakuta mahindi, maboga na kanga mmoja mkali. Walipotaka kutoka, Teresia akawazuia.

"Bado mstari ule wa barabarani."

"Mama, ule tumeshauona kutoka hapa."

"Nyie mmeuona. Wapita njia hawajawaona nyie."

Wakaupita polepole, Teresia mbele anaimba, watu waendao sokoni wanatazama. Moyo wake ulikuwa mweupe.

Mara Ryoba akatokea na baiskeli, akamwona mama mkwe, akaacha njia. Teresia akaburuta gunia lake lile lililorudishwa na shule hadi kando ya barabara, akaliacha hapo, akageuka makusudi kutazama maboga. Alipogeuka tena, gunia lilikuwa juu ya baiskeli, linapanda mlima kuelekea shuleni.